Akina Shakira wa Mbale

Lori la saruji lilisimama mbele ya ofisi yetu saa ya chakula cha mchana, likaziba lango lote, na dereva wake akaingia bila kubisha. Alikuwa mrefu, mwenye vumbi la kijivu kwenye nyusi, na mkononi alishika karatasi kama mtu aliyebeba yai. Mimi na Isa tulikuwa tunakula posho, ugali wetu wa Uganda, na maharage. Ofisi yetu ya Jinja haina hata kibao mlangoni, kwa hiyo hatukuzoea kupata wageni.

“Nyinyi ndio watu wa kompyuta ya watoto?”

“Ni sisi,” nikasema. “Karibu, bwana.”

“Nitakaribia baadaye. Kwanza nina swali. Mwanangu ni dume. Nimemwona kwa macho yangu mawili. Mbona serikali inamwita Shakira?”

Isa alipaliwa na posho, ikabidi nimpige mgongoni.

Mgeni huyo aliitwa Wasike, Mbukusu wa kutoka Kenya, mkazi wa Namakwekwe mjini Mbale. Kituo cha afya alikozaliwa mwanawe ndicho kilichokuwa kinajaribu mfumo wetu.

Nieleze mfumo wenyewe. Ni programu ya wavuti ya kuandikisha watoto wanaozaliwa, ili mzazi asipoteze siku nzima kwenye foleni. Mkuu wetu, Afande Geresom, aliyestaafu jeshini baada ya miaka mingi ya kushughulikia redio, alitufundisha kwamba kazi ya serikali haitoki kwa pupa. Kwanza unawasikiliza watu. Kisha unachora, unabomoa, unachora tena. Kisha unawapa wachache waijaribu. Mwisho ndipo unaifungulia nchi nzima. Kabla ya kuvuka hatua, jopo linakuja kutoka Kampala na kuuliza maswali. Sisi tulikuwa hatua ya tatu, na jopo lilikuwa linakuja Ijumaa. Tukivuka, mimi ningeajiriwa moja kwa moja. Tusipovuka, mkataba wangu ungeisha pamoja na hatua hiyo, kwa kuwa ndivyo ulivyoandikwa.

Niliipenda kazi ile kiasi cha kuiogopa. Ukutani tulikuwa na skrini, na kila mtoto alipoandikishwa Mbale, nukta ya kijani iliwaka. Mara nyingi niliacha kuandika nikaitazama tu. Mtu mpya amefika duniani, na mimi, binti wa askari magereza, nimekuwa kati ya watu wa kwanza kujua.

Sasa nikafungua orodha ya majina. Shakira lilikuwa jina lililoongoza Mbale nzima. Tulikuwa tumeliona siku nyingi, tukacheka, tukasema limeingia mtindo. Wavulana walioitwa hivyo tulidhani ni makosa ya kubonyeza jinsia.

“Mtindo gani?” Wasike akashangaa. “Shakira ni nesi! Ndiye aliyemzalisha mke wangu.”

Tukampigia simu, tukaweka sauti ya juu.

“Ni mimi,” nesi akajibu bila aibu. “Mashine yenu haikubali sanduku la jina libaki tupu. Mama anataka kwenda nyumbani, mtoto hana jina, maana huku mtoto hapewi jina na kitanda cha hospitali. Wanangoja wazee. Nikae naye mpaka lini? Nikaandika langu. Sasa nina watoto kumshinda Ibrahimu.”

“Kwa nini hukutuambia?” Isa akauliza.

“Niliwaambia wale vijana wenu waliokuja. Wakasema, ‘Asante kwa maoni.’”

Hakuna aliyecheka tena. Ukurasa wa kusahihisha majina tulikuwa tumeupanga kwa baada ya uzinduzi. Na siku ya uzinduzi, majina yote ya majaribio yangekuwa rasmi. Kuanzia hapo, kubadili jina ni kwenda mahakamani kula kiapo. Akina Shakira wote wa Mbale wangefungiwa humo.

Afande Geresom alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. “Aber,” akaniambia, “hatua ya kwanza ni nini?”

“Kusikiliza, afande.”

“Basi nenda. Mtu hahitimu kusikiliza.”

Nilifika Namakwekwe kesho yake. Juu ya mabati na boda boda, jabali la Wanale lilisimama limefunika nusu ya mbingu, maporomoko yake ya maji yakining'inia kama nyuzi nyeupe. Watu walipita chini yake wakibishana bei ya nyanya, hawalitazami. Mimi nilijikwaa mara mbili kwa kulitazama.

Nyumba ya Wasike ilikuwa chumba na sebule. Mtoto alikuwa analia, kilio kikavu cha kukata tamaa. Mama yake, Brigid, alimbembeleza huku macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

“Ananyonya vizuri, homa hana,” akaniambia. “Nesi amempima. Analia tu.”

“Analitafuta jina lake,” Wasike akasema. “Kukhu amefika leo.”

Kukhu ni bibi, mama yake Wasike. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka, Lwakhakha, alikochelewa kwa sababu ya goti. Alimpokea mtoto, akamlaza mapajani, akaanza kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, maana kwao mtoto hulia mpaka aitwe jina lililo lake. Hakuyapaza. Aliyasema kama mtu anayegonga milango ya majirani akiuliza mgeni amelala kwa nani.

“Makokha.”

Mtoto akalia.

“Simiyu. Ni wewe, Simiyu?”

Akalia zaidi.

“Huyo Simiyu alikuwa mlevi,” Wasike akaninong'oneza. “Afadhali.”

“Wewe nyamaza,” Kukhu akamwambia kwa Kiswahili, kisha akarudi kwenye majina. Alitaja mengi. Kisha akatazama nje, na sauti yake ikawa ndogo.

“Kundu.”

Kilio kikakatika. Mtoto akavuta pumzi moja ndefu, akafungua ngumi, akageuza uso kumtazama yule bibi. Nilisikia maji yakichemka jikoni kwa jirani.

“Kundu alikuwa mdogo wa mume wangu,” Kukhu alisema baadaye, Wasike akinitafsiria. “Alizama mto Manafwa akiwa kijana. Hakuacha mke, hakuacha mtoto. Hatukumtaja tena, maana tulimlilia sana.” Akapitisha kidole kwenye nyusi za mjukuu. “Kumbe alikuwa anangoja.”

Nilisoma chuo kikuu. Najua watoto wachanga hunyamaza kwa sababu nyingi. Lakini nywele za mikono yangu zilikuwa zimesimama, na sikuwa na neno hata moja la chuo la kuzilaza.

Kukhu akanitazama. “Huyo mashine wako,” akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, “yeye hajui kungoja?”

“Hajui, kukhu. Hatukumfundisha.”

“Utamfundisha?”

“Nitamfundisha.”

“Na kama bado hajui?”

“Hatatoka nje. Nakuahidi.”

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei nzuri, akaniagizia chai. Kwake lilikuwa jambo dogo.

Kwangu halikuwa dogo. Isa alinieleza wazi niliporudi Jinja. “Dada, toa alama inayolazimisha kujaza hilo sanduku la jina, ni dakika tu. Jopo halitajua.”

“Na vyeti? Na kliniki ya chanjo inayomtafuta mtoto kwa jina? Tukigusa hapo, tumegusa kila kitu. Lazima watu waijaribu upya.”

“Najua. Ndiyo maana nasema wasijue.” Akashusha sauti. “Mimi nina ajira. Wewe je?”

Sikulala vizuri mpaka Ijumaa.

Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa Bi Santa, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba. Walibonyeza kila kitu. Kurasa zilifunguka upesi, cheti kikachapwa, wakatabasamu. Isa alinikanyaga mguu chini ya meza: tumevuka.

“Kazi safi,” Bi Santa akasema. “Swali la mwisho, ni la desturi tu. Je, iko tayari kwa nchi nzima?”

Nilimtazama Afande. Alikuwa anatazama dirisha, amenikabidhi swali lote.

“Bado, mama,” nikasema.

Nikawaonyesha orodha ya Mbale. Nikaeleza habari za nesi, za Wasike, za majina yanayokuja kwa wakati wake. Bi Santa alivua miwani.

“Huu upungufu ungeweza kuandikwa kama marekebisho ya baadaye.”

“Baadaye watakuwa wamefungwa, mama.”

“Unaelewa nitakachoandika? Mnarudi hatua ya pili. Na mkataba wako, naona hapa...”

“Unaisha na hatua hii. Naelewa.”

“Na bado unasema bado?”

“Nilimwahidi mtu.”

“Waziri?”

“Bibi mmoja wa Lwakhakha.”

Mmoja wa wanajopo alianza kucheka, akaacha. Bi Santa akavaa miwani yake na kuchukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa kiasi kwamba niliweza kuzisoma kutoka upande wangu wa meza: HAIJARUHUSIWA KUTOKA.

Niliomba ruhusa, nikatoka uani, nikampigia Wasike. Nilisikia ngurumo ya lori lake, na upepo.

“Mwambie Kukhu,” nikasema, “itangoja.”