Haki Inafuata Paa

Barua ya shirika la umeme ilifika Jumanne, nikiwa na unga hadi viwikoni. Nilimwambia binti yangu aifungue na aisome kwa sauti. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, begi la shule begani, kwa ile sauti ya watoto wa siku hizi ya kukimbiza maneno.

Wenye nyumba waliounganisha sola zao kabla ya tarehe mosi Machi wataendelea kama zamani: kila uniti wanayoingiza kwenye laini ya shirika mchana, watarudishiwa uniti moja usiku. Waliounganisha kuanzia tarehe hiyo watarudishiwa uniti moja kwa kila uniti nne. Utaratibu mpya unaanza mwezi ujao.

"Sisi tuliunganishwa lini?" akauliza.

"Ishirini na sita Februari."

"Kumbe tumepona!" Akainua mikono juu kama aliyefunga goli. Kisha akaishusha. "Na mama mdogo?"

"Kumi na tisa Machi."

Sikuhitaji kutafuta karatasi. Tarehe hizo mbili nazijua kama ninavyozijua siku nilizozaa.

Nieleze kidogo. Mimi na mdogo wangu tunaishi nyumba mbili zilizojengwa na baba yetu, hati moja, ukuta mmoja katikati na kigeti kidogo cha kupitia. Kila nyumba ina paneli kumi juu ya paa. Betri hatukununua, kwa sababu shirika lenyewe lilituambia, kwa vipeperushi vya rangi, kwamba laini yao ndiyo betri yetu. Mchana tupeleke, usiku tuchukue.

Mimi ninaoka mikate. Mdogo wangu anaishi na mama yetu, ambaye mapafu yake yamechoka. Mchana Mama akikaa wima kibarazani anajiweza, na ulimi wake unajiweza zaidi. Lakini akilala lazima awe na mashine ya oksijeni, na mashine hiyo inanguruma tangu anapopanda kitandani hadi anapoamka. Kwa hiyo mdogo wangu mchana anatumia umeme kidogo sana, na usiku mwingi sana. Uniti moja kwa nne maana yake ni kwamba kufikia katikati ya mwezi salio lake litakuwa limekwisha, na mshahara wake wa ukarani hauwezi kubeba nusu iliyobaki.

Hilo peke yake lilitosha kuninyima usingizi. Lakini lilikuwepo jingine.

Mwezi wa Februari shirika lilileta kwa kudonoadonoa mita za pande mbili, ambazo bila hizo sola haiunganishwi na laini. Mtaani kwetu ilifika moja, na jina la kwanza kwenye daftari la fundi wa sola lilikuwa la mdogo wangu. Fundi huyu tunamwita Fundi Kesho, na sina haja ya kueleza kwa nini. Nilimfuata kwenye karakana yake.

"Nifungie mimi kwanza," nikamwambia. "Nimepata oda ya mikate ya asubuhi ya kantini ya hospitali. Oveni lazima iwake saa kumi alfajiri."

"Na mdogo wako anajua?"

"Anajua."

Alinitazama, akakuna kidevu kwa bisibisi. "Sawa, dada."

Mdogo wangu nilimwambia mita bado haijaletwa. Wiki tatu nzima akawa anamtukana Fundi Kesho: tapeli, mvivu, mla rushwa. Akamtukana kwa simu, akamtukana barabarani mbele ya watu. Yule mtu akanyamaza, kwa sababu nilimwomba anyamaze.

Wakati ule niliona ni jambo dogo. Wiki tatu ni nini?

*

Kabla ya barua, mabadiliko yalipokuwa bado uvumi, kamati yetu ya kuyapinga ilikuwa inajaza sebule yangu. Watu arobaini na mmoja, wengine wamekalia ndoo. Mwenyekiti wetu ni mstaafu wa posta tunayemwita Stempu, na mimi ndiye katibu, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka na sina subira na porojo.

Alhamisi baada ya barua walikuja kumi na mmoja.

Nilimpigia simu jirani mwenye duka la vioo, yule aliyekuwa akipiga meza kuliko wote. "Uko wapi? Tumeanza."

"Shemeji, mimi si nimesalimika? Januari hiyo. Sasa nije kupiga kelele za nini?"

"Za wenzako."

"Wenzangu nawaombea."

Nikakata simu. Mdogo wangu alikuwa anamimina chai, maana hakuwahi kukosa kikao na hakuwahi kuja mikono mitupu. Akasema mbele ya wote, "Mwoneni dada yangu. Yeye naye amesalimika, lakini bado yuko nasi. Watu wengine sijui wana roho gani."

Wakapiga makofi. Mimi nikainuka kwenda jikoni kutafuta sukari iliyokuwa mezani.

Siku zilizofuata sikukaa. Nilisugua trei zilizokuwa safi. Nilipanga upya kabati la unga, nikalipangua. Nilikuwa nikifika kwenye kigeti cha ukutani, nashika komeo, nasikia wanacheka upande wa pili, narudi. Binti yangu akaniambia, "Mama, keti, unanizungusha kichwa." Nikamwambia afanye hesabu zake. Akasema amemaliza jana.

*

Bodi ya nishati ilitusikiliza Jumatatu, saa nne asubuhi, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokuwa kikilia kama paka. Kila mtu dakika tatu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo, na kengele ya mezani pembeni yake. Mkabala naye aliketi meneja wa mita wa shirika, koti lake limefungwa vifungo vyote.

Stempu alitumia dakika mbili kushukuru. Kengele ikalia akiwa ndiyo kwanza anafikia jua.

Nikaitwa mimi. Nilikuwa na ukurasa mmoja, nimeuandika mara sita. Mdogo wangu alikuwa mstari wa pili, akanionyesha dole gumba.

Nikamwuliza meneja, "Kwa nini tarehe mosi Machi?"

"Tarehe lazima iwekwe mahali, mama."

"Aliyeunganishwa Februari ana sifa gani kuliko wa Machi?"

"Aliwahi. Wenye bidii waliwahi, wengine wakachelewa. Ilikuwa foleni ya haki."

Nilitazama ukurasa wangu. Hapo palikuwa na takwimu za paneli na wingi wa uniti mtaani kwetu, zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nikaukunja.

"Mimi sikuwahi," nikasema. "Mimi niliruka foleni. Mita iliyo ukutani kwangu ilikuwa ya mdogo wangu. Nilimdanganya fundi kwamba amekubali, nikamdanganya yeye kwamba haijafika. Ana mgonjwa anayepumulia mashine usiku kucha. Kwa karatasi zenu mimi ndiye mwenye bidii na yeye ndiye mzembe. Tarehe yenu haipimi bidii, inapima nani mjanja. Niko tayari kumrudishia. Andikeni tarehe yangu kwenye jina lake."

Sikuthubutu kutazama mstari wa pili.

Meneja akafungua kifungo kimoja cha koti. "Haiwezekani, mama. Haki hii inafuata paa, haimfuati mtu. Hata ukihama, anayeingia ndani ya nyumba anaikuta hapo hapo."

Kengele ikalia.

Bodi ikasema itatusikiliza tena mwisho wa mwezi ujao, ndipo iamue. Wakati huo huo utaratibu mpya unaanza tarehe ile ile iliyopangwa. Nilipogeuka, kiti cha mdogo wangu kilikuwa kitupu.

*

Siku mbili hakunisemesha. Kigeti kilifungwa kwa ndani. Niligonga, nikasikia Mama akisema, "Yuko mlangoni," na mdogo wangu akijibu, "Namsikia." Basi.

Niliporudi jikoni niliwasha oveni, nikaizima, nikaiwasha. Na hapo, nikiwa nimeshika swichi, maneno ya yule meneja yakanirudia. Inafuata paa. Anayeingia ndani ya nyumba anaikuta.

Nikachukua kalamu. Mimi naoka alfajiri kwa ajili ya kantini tu. Nikioka kuanzia saa tatu asubuhi, oveni itakula umeme wa paneli unapotoka, moto moto, bila kwenda kwa shirika na kurudi. Salio silihitaji. Mwenye kulihitaji ni anayetumia umeme usiku. Basi mwenye kutumia usiku anakaa chini ya paa lisilofaa, na mimi nimekalia lake. Paa haliwezi kuhama. Sisi tunaweza.

Nilikwenda kwanza kwa msimamizi wa kantini. Nikamwuliza kama mikate ingeweza kufika saa tisa mchana.

"Wagonjwa wangu wanakunywa chai saa moja asubuhi, na mkate wa jana hawautaki," akasema. "Saa tisa nitawapa mikate waifanyie nini, mito?"

Oda ile ikaishia hapo. Ile ile niliyoirukia foleni. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, na nilikuwa nikitembea haraka kuliko nilivyohitaji.

Nilimpigia mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Nikamweleza yote. Akauliza, "Sasa nikirudi niingie nyumba gani?"

"Yenye harufu ya mkate."

"Haya."

Kigeti kilikuwa bado kimefungwa, nikazunguka kwa barabarani. Mama alikuwa kibarazani anakunja mashuka. Nikamwambia.

"Mnanihamisha kama kabati?"

"Ni hatua thelathini, Mama."

"Na kitanda changu?"

"Kinakuja."

"Huyu amekubali?" Akaelekeza kidevu uani, ambako mdogo wangu alikuwa anaanika nguo, amenipa mgongo.

"Hasemi nami."

"Sema na mgongo wake. Masikio yako pembeni, yanasikia pande zote."

Nikaenda nikasema na mgongo wake. Nilieleza saa za oveni, saa za mashine, paa na hati. Nikamwambia oda ya kantini imekwenda. Alianika shati moja, akaanika la pili, akabana kibanio na kukibana tena.

"Ungeniomba," akasema mwishoni, bila kugeuka. "Dada, ungeniomba tu ile mita, ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma. Na yule fundi nimemvua nguo mbele za watu wiki tatu."

Niliokota kibanio kilichoanguka, nikamnyooshea.

Akachukua beseni, akaingia ndani.

*

Jumamosi asubuhi komeo la kigeti likalia. Mdogo wangu akaingia na futi ya kupimia, akanipita, akaenda moja kwa moja jikoni, akaipima oveni.

"Tisini na mbili," akasema. "Mlango wa jiko langu ni themanini. Ulifikiria hilo, katibu?"

Sikuwa nimelifikiria.

"Mwite fundi wako."

Fundi Kesho alifika kabla ya saa sita, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alipomwona mdogo wangu alisimama nje ya geti kwanza, kama anayechungulia mbwa.

"Ingia, fundi," mdogo wangu akamwambia. "Nilikuita mwizi. Naomba radhi."

"Uliniita na mengine."

"Yale mengine yabaki, bado unachelewa."

Akacheka, akaingia. Akautazama mlango wa jiko, akagonga fremu kwa nyundo, akagonga ukuta. "Fremu ing'oke, tofali mbili zikatwe kila upande. Waya wa oveni nitavuta huku. Kazi ndogo. Naja kesho."

"Leo!" tukasema mimi na yeye kwa pamoja.

Hatukutazamana, lakini nililisikia lile neno likitoka kwa midomo miwili.

Vumbi la tofali lilijaa jiko zima. Binti yangu alibeba sufuria huku akilalamika kwamba chumba chake kipya kinatazama ukuta. Mama alivuka kigeti kwa miguu yake, taratibu, mdogo wangu ameshika mkono na mimi nimekumbatia mashine. Alipofika kibarazani kwangu akaketi, akavuta pumzi mara tatu, akasema kiti hiki kinayumba.

Tulikuwa ndio tunaingiza kitanda Stempu alipotokea na karatasi za kikao cha pili. Alihitaji majina ya watakaosimama kuzungumza. Akaangalia kitanda, akaangalia shimo la mlango upande wa pili, akatuangalia.

"Kwa hiyo sasa nani amesalimika?" akauliza.

"Mimi," mdogo wangu akasema. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. "Kwa hiyo niandike wa kwanza."

Akachukua kalamu mwenyewe, akainama aandike. Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooshwa. Akaivuta kalamu nyuma, akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Wewe ni wa tatu. Na safari hii, subiri zamu yako."

Akaandika jina lake lote, na la Mama chini yake, polepole, herufi kwa herufi. Nikasubiri.