Kigingi cha Ukingoni

Umewahi kumsogezea mbuzi kigingi ili asije akaanguka shimoni? Basi Mwanasha wa Nanganga hakudhani amefanya zaidi ya hapo.

Kazi aliyopewa na Wema, binti wa mradi wa mto kutoka Masasi mjini, ilikuwa ndogo. Kila Jumamosi apime kwa kamba yenye mafundo, kutoka kigingi cha chuma mpaka mdomo wa ukingo wa Lukuledi. Atumbukize mti uliopakwa rangi apate kina, kisha aingize namba kwenye simu. Namba zilikwenda kwenye tovuti zinakokutana na za mito mingine, na tovuti ikachora umbo la mto, mstari juu ya mstari, mwaka kwa mwaka.

"Ila Bibi," Wema alimsisitizia, "kigingi hicho kisipotee."

Hakikupotea. Kila mto ulipomega udongo, Mwanasha aliking'oa, akarudi nyuma kiasi kile kilicholiwa, akakigongelea upya kwa mchi mkongwe.

Mikorosho miwili ikaenda na maji. Wifi yake Ziada, aliyeishi naye ua mmoja tangu wote wawili wawe wajane, akaanza kufunga vyombo. Yassini, mwana wa Ziada, alikuwa akimwita ahamie kwake Kitangari, mlimani kusikokuwa na maji.

"Kitangari?" Mwanasha akacheka. "Wifi, utaoga kwa kikombe! Kule ndoo moja huoga nyumba nzima."

"Afadhali kikombe kuliko kuogeshwa na mto."

"Mto gani? Njoo uone." Akafungua simu. Mistari ya miaka mitatu ilikuwa imelaliana kama mikeka. "Ukingo haujasogea hata unyayo. Wasomi wote wanaona hivi, wewe na Yassini wako ndio mnajua zaidi?"

Ziada akautazama mstari, akatazama pale palipokuwa na mikorosho. "Basi macho yangu yamezeeka," akasema. Akafungua vyombo.

Mwezi wa pili, alasiri moja ya mvua, ukingo uliondoka na jiko, Ziada akiwa ndani anachekecha unga. Walimpata siku ya tatu, mbali sana huko chini, kanga imejaa mchanga.

Baada ya arobaini Wema alikuja na kompyuta yake, kijiji kikaketi. Zilikuwa zimebaki nyumba sita kando ya mto, na watu walitaka kujua kama wahame.

"Sielewi," Wema alisema, macho mekundu. "Kwenye mchoro hapa pametulia. Labda lile jiko lilikuwa bovu tu."

Wenye nyumba wakashusha pumzi. Mzee Nikolao akasema basi atapanda mpunga palepale.

Mwanasha akasimama.

"Msipande. Kigingi nimekisogeza mara saba. Uliniambia kisipotee, nami nikakitunza."

Wema akafunika kompyuta polepole. "Hukujua, Bibi. Ni mimi sikukueleza vizuri."

Yassini alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hakupandisha sauti.

"Lakini mikorosho uliiona ikienda, Mama. Macho unayo. Kwa nini ulimwonyesha marehemu simu?"

Mwanasha alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Niliiona," akasema. "Nilitaka abaki, mwanangu. Sikutaka kuachwa peke yangu kwenye ua ule."