Vinundu vya Karanga

Miaka nenda miaka rudi Mathieu alipanda mahindi tu katika shamba lao la Kapolowe, akimwaga mbolea ya dukani mpaka udongo ukageuka mchachu na mahindi yakabaki madogo kama vidole. Mwaka huu mkewe, Marceline, akapanda karanga kwa nguvu, mumewe asitake. Asubuhi moja akamkuta mumewe ameng'oa tuta zima.

“Iko na ugonjwa,” akasema Mathieu, akimwonyesha vinundu kwenye mizizi.

“Ni nyumba ya bidudu, Papa,” mkewe akamjibu. “Binarudishia udongo chakula yenye mahindi yako ilimaliza.”

Mathieu akapiga magoti, akaifukia tena miche, mmoja mmoja. “Munisamehe,” akainong'oneza mizizi.

Marceline aligeuka asionekane akicheka. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuambiwa neno hilo. Leo vijidudu wamelipata bure.