Ufunguo wa Mama

Baba yangu ni mchonga funguo, na utoto wangu wote alinidunga sindano za kurefusha mwili kwa imani ileile anayoshikia tupa: ukisugua sana, ufunguo utaingia tu. Sikurefuka. Hadi leo nasimama juu ya kreti ili niifikie jiliwa ya kubania funguo karakanani kwake. Shangazi, dada yake, alikuwa na jibu lake mapema: ukoo wa mama una mkosi. Aliimba wimbo huo mpaka Baba akamfungasha Mama virago, akabadilisha kitasa cha mlango siku hiyohiyo.

Mwezi uliopita daktari mpya alikataa kuandika sindano nyingine kabla ya kunipima damu. Tukarudi kuchukua majibu, Baba na mimi.

"Homoni ya kukua anayo tele, kukuzidi hata wewe mzee," daktari alisema. "Tatizo ni kipokezi."

"Kipokezi ndiyo nini?"

"Ni protini inayokaa kwenye ukuta wa seli, nusu nje, nusu ndani. Homoni ikija na damu inanasa kwenye ile sehemu ya nje, halafu ile ya ndani inaamsha kazi, ini linatoa kemikali ya kurefusha mifupa. Chake kina kasoro. Homoni inapita tu, hainasi. Hata ukimdunga ndoo nzima."

Baba alielewa kabla daktari hajamaliza. Niliuona uso wake. Kila siku huwaambia wateja waache kuchongesha funguo mpya, kitasa ndicho kibovu.

"Hicho kitasa amekitoa wapi?" aliuliza taratibu.

"Kwenu nyote wawili. Mtoto hurithi maelekezo ya kutengeneza kipokezi mara mbili, kwa baba na kwa mama. Mmoja wenu angempa mazima, angekua. Na sasa mifupa yake imeshafunga."

Nilisubiri anitazame. Alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Nyumbani tulimkuta Shangazi sebuleni, masikio kayasimamisha. "Haya, kasemaje?"

"Ni ya kurithi," Baba alijibu huku akivua viatu. "Upande wa mama yake."

"Si nilisema?"

"Baba, umesahau nusu," nikasema.

"Wee mtoto, usinivunjie heshima mbele ya dada yangu."

Asubuhi niliwahi karakana, nikachonga ufunguo mwingine kwa kufuatisha ule wa nyumba yetu, nikaupeleka kwa Mama, huko anakofua nguo za watu. Nikamweleza yote. Alifuta povu mikononi, akaupokea, akaugeuzageuza.

"Baba yako kakutuma?"

Nilichukua shati kwenye beseni, nikaanza kulikamua.

"Kamwambia wifi yangu ukweli?"

"Hapana, Mama."

"Basi mrudishie, mwanangu. Akitaka nirudi, anajua ninapoanika."

Niliuweka mbele ya Baba, pale anapofanyia kazi, nikamwambia ulikuwa wa nani na mwenyewe kasema nini. Aliuinua kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye meno ya ufunguo. Nilidhani atavua aproni aondoke. Moyo wangu mjinga ukaanza kufurahi.

"Umeuchonga vizuri," alisema, akautundika kwenye msumari wa funguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.