Fahali Aliyetiwa Chapa Bulla Pesa

Nianze na pembe, kwa sababu kila mtu huanza na pembe. Ni mbaya. Zimepinda kwenda mbele kama mikono ya baiskeli, na hakuna ng'ombe wa dunia hii mwenye pembe za namna hiyo. Viungo ni vizuri, magoti yanakunjika bila kulegea, na rangi ya kifua imepakwa kwa mkono uliotulia. Roboti mwenyewe ni wa kuchezea, mrefu kama kidole changu cha kati. Unavuta mabega, unazungusha kiuno, unakunja miguu mara mbili, na baada ya hatua kumi na mbili umeshika fahali mdogo mwekundu anayesimama bila kuegemezwa. Hayo yote niliyasema kwenye video. Sasa acha niseme yale mengine, na ukiona ninajichukia, basi umeona vizuri.

Naitwa Nakal. Kazi yangu ni kuuza chaja na vifuniko vya simu katika duka moja hapa Isiolo mjini. Wikendi nilikuwa nachambua roboti wadogo wanaogeuka wanyama, kwa Kiswahili, kwenye chaneli yangu. Usicheke. Kuna watu wazima, wenye kazi na watoto, wanaokusanya vitu hivi na kuviweka kabatini bila kuvigusa, na kabla hawajanunua wanataka kujua ni kiungo gani kitalegea. Chama chao kiko Nairobi. Miaka miwili niliwaandikia, na miaka miwili wakanijibu kwa picha ya kidole gumba. Halafu siku moja mwenyekiti wao, mtu wa mji wa Maua anayeitwa Kobia, akanitumia huyo fahali kwa basi. Alikuwa wa mfano, mmoja tu, apitie kwa wachambuzi watano kabla wenzake hawajaanza kuuzwa. Mimi nilikuwa wa nne.

"Akipita kwako salama, wewe ni mwanachama," Kobia aliandika. "Akipata hata mkwaruzo mmoja, tusijuane."

Ujumbe ule niliusoma hadi nikaukariri. Mwanachama! Mimi, msichana wa mtaa wa Bulla Pesa, nyumba ya mabati, choo kimoja plot nzima!

Ninaishi na baba. Jina lake ni Ekuam, lakini wazee wenzake humwita Apalokori, yaani baba yake Lokori, kwa sababu kwetu Waturkana mwanamume huitwa kwa jina la fahali wake kipenzi. Lokori alikuwa na madoa kama ya twiga. Nikiwa darasa la tatu wezi walichukua ng'ombe wote wa baba kule malisho ya Ngaremara, na Lokori akaenda nao. Wenzake wote walikuwa wamechomwa emachar, chapa ya ukoo wetu, ubavuni. Yeye hakuwa nayo. Baba alimwonea huruma, akasema ngozi nzuri vile haiguswi na moto. Mwezi mmoja baadaye baba akamkuta soko la mifugo hapa mjini, amefungwa kamba, anauzwa. Akamwita, na fahali akageuza kichwa. Watu wakamuuliza baba: kama ni wako, chapa iko wapi? Baba hakuwa na chapa ya kuonyesha, akaimba wimbo wa Lokori. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walimpakia Lokori kwenye lori, baba bado anaimba.

Hadithi hiyo nimekua nayo, na sijawahi hata siku moja kuiona ikichekesha. Ushike hilo.

Jumamosi nilifungua kifurushi mezani, baba akiwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anatafuna tumbaku. Nikamgeuza roboti, akawa fahali. Baba akaacha kutafuna.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara ya tatu akamchukua mwenyewe kwa vidole viwili. Akamchunguza mdomo, akamchunguza kwato, akamwangalia chini ya mkia, na mimi nikacheka, naye akacheka. Uso ule sikuwa nimeuona tangu mama atutoke.

"Ni wako?" akaniuliza. Aliuliza kwa Kiturkana. Baba na mimi tuliongea Kiturkana siku zote. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuulizia bei na kusalimia watu asiowajua.

Ningesema tu, baba, ni wa watu, nimeazimwa. Ni maneno mepesi, hata mtoto angeyasema. Lakini mzee alikuwa ananitazama kama mtu niliyefika mahali, na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa kila siku eti nacheza.

"Ni wangu," nikasema.

"Kweli?"

"Wangu kabisa."

Akatikisa kichwa polepole. "Vizuri sana," akasema, akamrudisha mezani kwa mikono miwili.

Jumapili nikaenda kanisani. Nilipanga kurekodi alasiri, jua likiwa linaingia mlangoni. Niliporudi, harufu ndiyo iliyonipokea, harufu ya plastiki iliyoungua. Jiko la makaa lilikuwa linawaka katikati ya nyumba. Baba alikuwa amevaa shuka yake nzuri, ile ya kuendea harusi, na mkononi alikuwa na waya wa mwavuli, ncha bado nyekundu. Fahali alikuwa amelazwa juu ya kitambaa safi. Ubavuni, upande wa kulia, palikuwa na mistari miwili na nusu duara, imezama kwenye plastiki sawasawa, bila mkono kutetemeka.

"Hata akipotea," baba akasema akitabasamu, "hakuna mtu atakuuliza chapa iko wapi."

Wee! Damu ilinipanda kichwani. Nilipiga kelele mpaka plot nzima ikatoka nje. "Baba, umefanya nini? Umeniua! Hii si ng'ombe, ni plastiki! Plastiki!"

"Ulisema ni wako."

"Ni wa watu!"

"Basi mbona ulisema ni wako?"

Nikatafuta neno la kuumiza, na nikalipata upesi. "Ndiyo maana walikucheka sokoni," nikamwambia.

Baba akaweka waya chini. Akavua ile shuka, akaikunja, akaitia kwenye sanduku. Halafu akaanza kutoa makaa jikoni, moja moja, na kuyazima kwa maji.

Kwetu msichana huhesabiwa kwa chapa ya baba yake mpaka aolewe, ndipo anachukua ya mumewe. Nina miaka ishirini na tisa, sijaolewa, na sijawahi kumiliki hata mbuzi. Yule ndiye aliyekuwa mnyama wa kwanza baba kumtia chapa kwa ajili yangu, na alivalia kwa shughuli hiyo. Usidhani niligundua baadaye. Nilijua nikiwa nimesimama pale pale, na bado kichwani mwangu alikuwa Kobia.

Baba alipotoka kwenda kupunga upepo, nikafunga mlango. Chapa ile haingefichika. Nilijaribu rangi ya kucha, ikazidi kuonekana. Basi nikasema, kama siwezi kuificha, nitaifanya kichekesho. Nikawasha simu. Nikaanza na pembe, nikapita magoti, nikapita rangi, kisha nikageuza ubavu ule kwenye kamera na kukohoa kidogo.

"Hapa mtanisamehe, jamani. Mzee wangu bado yuko porini, hajui dunia imeenda wapi. Ameona roboti, akasema, haya, leteni moto!"

Nikaigiza sauti yake. Nikaigiza anavyoinama kumwangalia fahali chini ya mkia. Nikaeleza habari za Lokori, na lori, na soko zima lilivyocheka. Halafu nikauimba ule wimbo, wimbo wa baba yangu, kwa sauti ya mbuzi. Nikaitazama video mara moja, nikaona imetoka vizuri, nikaiweka kwenye chaneli.

Asubuhi yake Kobia akanipigia nikiwa dukani. Alikuwa anacheka hata maneno hayatoki.

"Nakal, umetumaliza! Karibu chamani!"

"Na mkwaruzo?"

"Mkwaruzo gani? Huyo baki naye. Mwezi ujao tuna maonyesho, uje naye Nairobi. Kila mtu anataka kuona hiyo chapa. Wengine watatoka kiwandani kwa maelfu, lakini wa chapa ni huyo mmoja tu!"

Nilifurahi. Nilicheza nyuma ya kaunta, mwenye duka akaniuliza kama nimepata mchumba.

Saa sita mteja mmoja akaninyooshea simu: si huyu ni wewe? Saa saba vijana wa boda boda pale steji walikuwa wanaimba kwa sauti ya mbuzi. Hapo ndipo nilipokumbuka baba yuko wapi saa hiyo. Kila siku huenda soko la mifugo, si kuuza wala kununua, kukaa tu na wazee. Rafiki yake mkubwa huko ni Mzee Jirma, Mborana, dalali wa ngamia.

Nilipofika sokoni baba alikuwa ameshaondoka, na yaliyotokea nilielezwa na Mzee Jirma mwenyewe. Vijana walimzunguka baba wakimwita Mzee Roboti. Mmoja akasema, "Mzee, chapa iko wapi?" Baba hakuelewa, akaomba kuona ile simu. Akaitazama video mpaka mwisho. Hakujua kuizima, ikajianza tena, akaitazama tena. Kisha akairudisha kwa mwenyewe, akasema amechoka, akaenda nyumbani.

"Watu wote walikuwa wanacheka huyo ng'ombe," Mzee Jirma akaniambia, bila hata kunipa mkono. "Yeye alikuwa anaangalia wewe tu."

Nikakimbia nyumbani, viatu mkononi. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, kisu kwenye mkono mmoja, fahali kwenye mwingine. Sakafuni palikuwa na unga mwekundu wa plastiki. Alikuwa ameikwangua ile chapa yote, akapiga msasa, na ubavu sasa ulikuwa umebonyea, laini, hauna kitu. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Habari ya mchana," akaniambia. Kwa Kiswahili.

"Baba," nikasema.

"Hii ni kitu ya wenyewe. Mimi nimetoa alama yangu. Mtu akiuliza, wewe sema hakuna mtu alikuwa ameweka."

Nikapiga magoti pale kwenye ule unga. Nikamwambia kwa Kiturkana nimekosa, nimekosa sana, anipige akitaka. Nikamwomba aongee nami vizuri.

"Nimeongea vizuri," akanijibu kwa Kiswahili kile kile cha sokoni. "Asante. Karibu."

Kobia nilimpigia siku ya pili, nikamwambia chapa haipo tena. Kwanza alidhani natania. Kisha akauliza, kwani ulikuwa wapi wakati inafutwa? "Basi bila chapa huyo ni wa kutupa," akasema. "Tutaona mambo ya uanachama." Sijamsikia tena, na wala sikumtafuta. Video niliifuta, lakini iko kwenye simu za watu, na wimbo bado wanauimba steji. Fahali yuko juu ya kabati. Akija mchambuzi mwingine akakuambia ni mzuri, jua kwamba pembe ni mbaya na plastiki yake inakwanguka kwa kisu cha kawaida, kwa muda wa saa moja hivi.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Baba ni mzima. Tunakula pamoja, ananishukuru kwa chakula, ananiuliza habari ya kazi, kwa adabu ile ile anayomwonyesha muuza duka yeyote. Hajanitukana, hajanisema kwa mtu. Kiturkana hajanitolea hata neno moja. Kuna siku namwita kutoka nje kwa jina lake la heshima, Apalokori, nione kama atageuza kichwa. Hageuzi.

Juzi mzee mmoja mgeni alitoka Ngaremara kuja kumsalimu. Nikawaletea chai. Yule mgeni akanitazama, akamuuliza baba kwa Kiturkana, "Na huyu msichana ni wa nani?"

Nikasimama na birika mkononi, nikangoja. Baba akapuliza chai yake.

"Anakaa hapa," akamjibu.