Udi Uliotangulia Kahawa

...na udi ukishaletwa mgeni huaga, hata mtoto mdogo wa Burayda analijua hilo, na yeye Muzna ameuleta mgeni akiwa kwenye kikombe cha kwanza tu cha kahawa, amesimama na chetezo mkononi kama mwendawazimu, na mgeni mwenyewe ndiye pekee aliyepiga hodi tangu wamchukue mume wake, zamani viatu vya wanawake vilijaa mlangoni, siku hizi wakimwona sokoni wanageukia vitunguu, wanavichagua kama wanachagua mkwe... lakini hakutaka kumfukuza mgeni wake, Mama Faris, alitaka tu kuwa peke yake kidogo, maana Mashari, kaka yake Muzna, anangoja upande wa wanaume, anakwenda Riyadh kumwona mumewe Abdulmuhsin kifungoni, anasema wakubwa wamekubali, sheikh akirekodi kanda nyingine, ayafute aliyosema juu ya askari wa kigeni, atarudi nyumbani, ila hamsikii mtu isipokuwa mkewe, basi nipe neno lako, Muzna, nimpelekee... na neno lilishafika kooni, mwambie arekodi, mwambie kuwa mwanawe Thamir ameanza kutambaa, anatambaa mpaka mlangoni anakaa hapo... Mama Faris anakipokea chetezo, anaingiza moshi chini ya shungi, kulia, kushoto, taratibu, ee Mungu, anaondoka, na ana haki, Faris wake yuko mpakani na askari haohao tangu Kuwait itekwe, na Abdulmuhsin alipanda mimbari akasema anayekulindia mlango leo, kesho atakuuliza unakwenda wapi, akasema nchi ya kibla haiombi ulinzi kwa wasioielekea, na hakupiga kelele, alisema kwa sauti ileile ya kumbembelezea mtoto, Muzna akamsikia kwa kipaza sauti akiwa jikoni na unga mikononi, akaona fahari, kisha akaitazama barakoa ya gesi isiyomtosha mtoto, akashukuru kimya kwamba kuna mtu mpakani, mtu yeyote, na hilo hakumwambia mumewe, hakumwambia mtu... na waliokuja kumchukua, mmoja wao aliurudisha mlango polepole asimwamshe mtoto, mpaka leo hajui amchukie vipi yule... Mama Faris anakiweka chetezo chini, mbali na mikono ya Thamir, sasa atasimama, sasa atasema Mungu awabariki, lakini hasimami, ananyoosha kikombe, hakitikisi kuonyesha ametosheka, anakinyoosha tu, anauliza iliki ya leo imemwagwa kopo zima au vipi, na Muzna ananyanyua birika, anababaika, mama, ule udi, nilikosea... “Udi upi? Pua yangu imezeeka, mwanangu,” na shungi lake lote linanukia, mwongo huyu, mwongo mpenzi, “Ila nikwambie, mumeo aliniudhi. Mwanangu anakunywa maji ya tangi moja na wale watu, na wakimrudisha mzima nitawaombea dua, sheikh apende asipende,” na Muzna anainamisha macho, ndiyo, mama, ndiyo, “Lakini nataka akirudi nigombane naye yeye. Sitaki waniletee mtu mwingine aliyevaa kanzu yake”... mtu mwingine, akila hapa, akimnyanyua Thamir, akikwepa kupita mbele ya msikiti wake mwenyewe, na yeye Muzna ndiye aliyemwita huyo mtu, kwa neno moja, kwa sababu ya sebule tupu... lakini mtoto mlangoni, lakini kitanda upande mmoja baridi, anamtaka, anamtaka mpaka meno yanauma... ng'ambo ya ukuta Mashari anakohoa, anamharakisha, kikombe bado kimenyooshwa, birika bado halijainama, mkono wa Mama Faris haurudi nyuma... la, kaka, usimwambie arekodi, wala usimwambie asirekodi, hilo ni lake na Mola wake, asibebe upweke wangu juu ya huo wake, mwambie tu leo tuna mgeni, udi umeshapita, na bado amekaa.