Kinywaji cha Ulimi Uliolala

Jua la asubuhi lilimwagika mezani, likazipitia sufuria zako moja moja, na zote zilikuwa kavu. Jikoni hapakunukia kitu. Jikoni kwako, mume wangu, wewe mpishi wa hoteli, wewe ambaye kitunguu chako kikianza kukaangwa majirani walikuwa wakikatiza usingizi.

Mafua yalikuja, mafua yakaondoka, yakaondoka na ladha yako. Wali ukawa pamba. Nyama ikawa mpira. Chai ikawa maji ya moto, basi. Hotelini wakakupa likizo, nawe ukaketi sebuleni kwako kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. "Ulimi umelala," ulisema. Jioni moja nikatoka gereji na oili hadi viwikoni, ukanikumbatia bila kukunja uso kwa harufu, wewe uliyezoea kunifukuzia bafuni. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mimi ni fundi wa magari. Jikoni sina mkono. Nikibandika hata maji, unakuja kuchungulia. Lakini gari likikataa kuwaka sikai kulililia. Natafuta kilicho kizima, naanzia hapo.

"Pilipili unaisikia?" nikakuuliza.

"Inawasha. Ladha haina, ila inawasha."

"Na barafu?"

"Baridi ni baridi, mke wangu. Kwani nimekufa?"

Basi kumbe kuna waya unaopitisha moto. Kumbe kuna njia iliyobaki wazi.

Nikachemsha maji na sukari, nikatumbukiza tangawizi niliyoiponda kwa nyundo (nyundo safi, usinitazame hivyo). Nikatia mchaichai uliopigwa fundo, nikaacha vipoe. Nikachuma mnanaa kwenye kopo la dirishani, nikaufikicha mpaka viganja vikaburudika. Nikakamua ndimu, mbegu zikaruka, moja ikakimbilia chini ya jokofu na huko iko hadi leo. Barafu ikalia ndani ya glasi. Kisha maji ya gesi: kizibo kikakohoa, chupa ikanirushia kifuani, na kilichosalimika kikachemka bila moto, viputo vikikimbizana kwenda juu kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule.

"Nini hii?"

"Kunywa, usiulize."

Ukanywa. Nikakutazama kama ninavyolitazama gari nililolifungua injini, likipigwa ufunguo mara ya kwanza. Viputo vikakuchoma ulimi. Mnanaa ukapuliza baridi kooni. Tangawizi ikafuata nyuma na moto wake, ndimu ikakukunja mashavu. Macho yakakutoka. Ukapiga chafya, kinywaji kikatokea puani, ukacheka, Mungu wangu, ukacheka mpaka ukaishika meza.

"Ladha je?"

"Hakuna." Ukafuta machozi. "Lakini kinanichoma, kinanipoza, kinanichokoza. Humu ndani bado kuna mtu."

Ukanywa tena, polepole. Uso ukabadilika, ukawa ule wa mpishi aliyerudishiwa sahani.

"Tangawizi umeipiga, hukuikata. Nyuzi tupu. Na ukali wa ndimu unaumeza ubaridi wa mnanaa. Ulitia ndimu ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Hukuhesabu! Hebu sogea."

Ukakishika kisu ambacho hukukigusa tangu mafua. Tangawizi ikaanguka vipande vyembamba, tak, tak, tak, na mabega yako yakashuka, na pumzi yako ikaingia ndani ya mdundo ule. Ukadondosha ndimu tone kwa tone, ukitega ulimi kama mtu anayepapasa swichi gizani: hapa panachoma, hapa panapoa, hapa pameuma kidogo, hapa hapa, acha. Glasi ya pili ikasimama mbele yetu, kijani chepesi, ikinong'ona.

"Koroga, lakini taratibu! Unaikimbiza gesi!"

Mimi, ambaye nikikohoa tu gereji nzima inanyooka, nikakoroga taratibu.

"Ndiyo, bosi," nikasema, nikingoja ucheke.

Hukucheka. Ulikuwa kazini.